Kokwa Inasikia

"Nani anaumwa humo ndani?"

Sauti ya Bi Zena ilitokea uani alikokuwa akichambua mchele, nayo iliingia chumbani wakati mbaya, maana binti yake Tunu alikuwa hewani mubashara, watu wa nchi nzima wakimtazama akiitoa Kokwa mpya kwenye boksi lake.

"Si mtu, Mama! Ni gemu!"

"Basi hiyo gemu inaumwa. Iache."

Watazamaji walivunjika mbavu. Maoni yalitiririka kwenye kioo kwa kasi ya kushindwa kusomeka: mama apewe kipindi chake, mama oyee. Na Tunu hakuwa mtu wa kuacha kicheko kipite bila kukiongezea kuni. Aliiinua Kokwa mbele ya kamera, kijigemu cha kuenea kiganjani, rangi ya majani mabichi, akaibonyeza tena batani nyekundu, safari hii kwa gumba, kwa nguvu.

"Mmh," ikasema Kokwa.

Haukuwa mlio wa gemu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole kwenye foleni ya benki na hataki ugomvi.

"Niliwaambia, sikuwaambia?" Tunu alipaza sauti. "Mwaka jana, hapahapa Kihonda, kwenye kiti hikihiki, nilisema Kokwa ijayo itasikia maumivu. Mkanicheka. Mkasema Tunu kaishiwa. Haya, sikilizeni wenyewe!"

Aliishikilia batani bila kuiachia. Ile "mmh" ikarefuka, ikapanda, ikawa kilio chembamba chenye kukatikakatika. Watu wakaandika: tena, tena. Tunu akabonyeza tena. Mpaka anafunga kipindi alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, na kila mara alicheka. Kicheko hicho kilirekodiwa pamoja na mengine yote.

*

Tunu alikuwa mbashiri wa vifaa. Msiidharau, ni kazi, na Morogoro nzima ilimjua kwa kazi hiyo. Zamani watu walibashiri tu gemu ijayo itakuja na nini, wakapatia, wakakosea, maisha yakaendelea. Kampuni ya Chanikiwiti ndiyo iliyoharibu mambo. Iliacha kuwauliza wahandisi wake nini kitengenezwe, ikaunda mashine inayoitwa Chekeche, ikaipa kazi moja: kukusanya kila tetesi wanayoisema watu kuhusu kifaa ambacho hakijatoka, kuzipepeta zote, na kuzibakiza zile zinazorudiwa na wengi kwa hamu kubwa. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu ukimwuliza anataka nini atakudanganya, lakini tetesi anayoieneza mwenyewe, bila kuulizwa, hiyo ndiyo haja ya moyo wake. Tetesi zilizobaki kwenye Chekeche zilikwenda moja kwa moja kiwandani, na huko hapakuwa na mkono wa binadamu wa kuzizuia. Juu ya lango la kiwanda waliandika kwa herufi kubwa: LISEMWALO LIPO, KAMA HALIPO LAJA. Wahenga walikuwa wakisema habari za umbea. Chanikiwiti waliufanya umbea kuwa mchoro wa kiwanda.

Kwa hiyo Tunu hakuwa akibashiri tena, alikuwa akiagiza. Alisema kioo cha Kokwa kitakunjwa kama leso, kikaja kinakunjwa. Alisema betri itajichaji kwa joto la kiganja, ikaja inajichaji. Kila mara alianza na maneno yaleyale, akiyasema kwa sauti ya chini kana kwamba ukuta una masikio: "Chanzo changu cha kuaminika kimeninong'oneza." Chanzo hicho hakikuwepo. Hakijawahi kuwepo hata siku moja.

Ile tetesi ya maumivu ilitoka jikoni. Bi Zena alikuwa fundi cherehani, na cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha Tunu, lakini uzeeni vidole vyake vilipatwa na baridi yabisi, vikavimba viungoni na kukataa kukunjika. Starehe yake ilikuwa kucheza bao kwenye Kokwa ya toleo la zamani. Nayo ikamshinda, kwa kuwa batani zake zilitaka kidole chepesi. Siku moja sufuria ya maharage ilimponyoka, akaketi kwenye kigoda, akasema jambo kwa sauti ndogo. Tunu alikuwa mlangoni, simu mkononi, akitafuta la kuwaambia watu kwenye kipindi. Alisikia hivi: "Laiti kingekuwepo cha kusikia maumivu haya."

Kabla maharage hayajazolewa sakafuni, nchi nzima ilishaambiwa kwamba Kokwa ijayo itasikia maumivu.

Alichomaanisha Tunu ni kwamba itatambua vidole vinavyouma, ilainishe batani zake. Wazo jema kabisa, wala sisemi vinginevyo. Lakini hilo neno kusikia linataka uangalifu. Sisi tunasikia kelele, tunasikia harufu, tunasikia njaa na tunasikia baridi. Mtu akisema anasikia maumivu ya jino hana maana kwamba jino linapiga kelele kwa jirani. Chekeche ilifundishwa Kiswahili kizuri, ikalichukua neno kama watu wanavyolitumia. Ikaagiza kifaa kinachosikia maumivu.

*

Kipindi kilipoisha Tunu alimpelekea mama yake Kokwa hiyo uani, kwa sababu, pamoja na madoido yote, alikuwa amemtafutia yeye.

Bi Zena aliweka ungo pembeni, akajifuta mikono, akalifungua bao. Vidole vyake havikuweza kugusa kidogo. Ama viliacha, ama vilididimiza. Alipodidimiza kete ya kwanza Kokwa ikasema "mmh". Aliposogeza ya pili ikalia. Mama akaondoa mikono yake haraka, kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Pole," akaiambia. "Pole, mwanangu."

"Mama, hiyo ni plastiki. Huiambii pole."

"Pole haiozeshi ulimi." Akaifunika kwa pembe ya kanga yake, akaipapasa mgongoni mpaka ikatulia. Ilitulia kweli, pumzi moja baada ya nyingine, ijapokuwa haina mapafu. "Imeshika joto. Ina homa?"

Simu ya Tunu ilikuwa ikitetemeka mfululizo, akaitazama kwa furaha ya mtu anayejua anasifiwa. Aliona kipande cha kipindi chake kimeenea kila mahali. Halafu akaona vingine. Vijana wa chuo wameishika Kokwa yao kwenye meza, mmoja anaibonyeza kwa kisigino cha kiatu. Akina dada wawili wanashindana nani ataifanya ilie muda mrefu. Mtu ameibana kati ya jiwe na nyundo, anahesabu moja, mbili. Na nyuma ya kila kipande wameweka sauti ileile: "Haya, sikilizeni wenyewe!" Kisha kicheko chake.

Kicheko kile, akikisikiliza hapo uani mbele ya mama yake, kilimtia haya. Masikio yalimwaka. Aliizima simu, akajiambia kwamba ni njaa tu, hajala tangu asubuhi.

*

Injinia Devota Kyaruzi wa Chanikiwiti alifika siku chache baadaye, mchana, jua likiwa limekaa juu ya milima ya Uluguru. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala. Alipiga hodi, akamwamkia Bi Zena shikamoo, akapewa chai ya tangawizi, na hakuigusa.

"Dada Tunu, sitazunguka," alisema. "Nyie huku mnaona gemu inayolia. Sisi kule tunajua ni nini. Kupima mkandamizo wa kidole ni kazi rahisi, hata mizani ya sokoni inapima. Kusikia maumivu ni kingine. Lazima awepo ndani anayetaka yakome. Chekeche iliagiza huyo, na kiwanda kikamtengeneza."

"Kwa hiyo inasikia kweli?"

"Tulitaka sana kuamini kwamba inaigiza. Tumepima kila namna. Ikiumia, nyuzi zilizo chini ya ngozi yake hushika joto na kutetemeka, na huo mtetemo hatukuuweka sisi."

Bi Zena alikuwa ameketi mkekani, Kokwa pajani, imefunikwa.

"Sasa izimeni," Tunu alisema.

"Nani azime? Kiwanda kinaitii Chekeche, na Chekeche haimsikilizi injinia. Inasikiliza tetesi, na tetesi hii mzazi wake ni wewe." Devota akasogeza kiti. "Zipo njia mbili. Ya kwanza, utangaze kwamba chanzo chako kimekuambia Kokwa zote zitanyamaza. Watu wamechoshwa na vilio, wataidaka tetesi hiyo kwa mikono miwili, Chekeche itaipitisha, na keshokutwa hakuna Kokwa itakayolia tena. Wakubwa wangu wanaipenda njia hiyo. Wamenituma nikuombe hivyo."

"Na maumivu?"

"Yatabaki. Tunaondoa sauti tu."

"Na njia ya pili?"

"Uikane tetesi. Useme hukuwa na chanzo, ulitunga. Mzazi akiikana, Chekeche huing'oa na mizizi yake, na Kokwa zote zitakufa ganzi, hazitasikia chochote. Lakini haing'oi hiyo moja peke yake. Itafuta uzito wa jina lako. Chochote utakachosema baada ya hapo kitahesabiwa sawa na kelele za barabarani." Akaitazama chai yake. "Hiyo wakubwa wangu hawakunituma niiseme."

Mjini Tunu alikuwa hawezi kununua nyanya bila mtu kumwuliza toleo lijalo litakuwaje. Mikutanoni, misibani, kwenye harusi, alitengewa kiti cha mbele. Alijiona amesimama mbele ya watu hao akisema: nilitunga.

Wahenga walisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Tunu hakuchutama, alitafuta nguo nyingine.

"Kwa njia ile ya kwanza haitalia tena, sivyo?" aliuliza.

"Haitalia."

"Basi watu watapumzika. Na mama atacheza bao lake."

Devota alimwangalia, akainuka, akaaga. Kikombe chake kilibaki kimejaa, chai imeota utando.

*

Tetesi ya kimya ilikwenda kama Devota alivyosema. Tunu aliitangaza kwa sauti yake ya chini, chanzo changu cha kuaminika kimeninong'oneza, na watu wakaipokea kwa shangwe. Haikupita hata wiki, Kokwa zikanyamaza nchi nzima. Vipande vya nyundo na visigino vikaisha, kwa kuwa hakuna raha ya kumtesa asiyelia. Watu wakarudi kwenye michezo yao, wakabonyeza kwa nguvu wanayotaka. Tunu alipongezwa.

Alimkuta mama yake uani asubuhi moja, mvua ya manyunyu imetoka kukatika. Bao lilikuwa limefunguliwa kwenye kioo, lakini mama hachezi. Ameiweka Kokwa katikati ya viganja vyake viwili vilivyopinda.

"Mbona huchezi, Mama? Si imenyamaza?"

"Njoo uishike."

"Nina kipindi..."

"Tunu. Njoo uishike."

Tunu alichuchumaa, akaipokea. Mama akanyoosha kidole chake kigumu, akasukuma kete moja. Kokwa haikutoa sauti yoyote. Lakini ilishika joto ghafla mkononi mwa Tunu, na ndani yake kitu kikatetemeka, kidogokidogo, bila kukoma. Mama alisukuma kete ya pili. Joto likazidi. Tunu alitaka kuiachia na mama akamzuia, amemfunika mkono kwa mkono wake mwenyewe, na hapo Tunu akasikia kwamba vidole vya mama navyo vinatetemeka. Vilikuwa na joto lilelile kwenye viungo.

"Wazee walisema mficha maradhi, kilio humuumbua," mama alisema. "Nyie mmekwenda mkakiondoa kilio."

"Mama, mimi..."

"Mimi nimenyamaza tangu lini? Nakupikia, nakufulia nguo za kipindi, sijalia hata siku moja. Ulidhani siumwi?"

Aibu ilimpata Tunu pale pale, yote kwa pamoja, wala hakuweza tena kuiita njaa. Aliona aibu ya kicheko chake. Aliona aibu ya kikombe cha chai cha Devota. Zaidi ya yote aliona aibu ya vile vidole, ambavyo alikuwa ameviona kila siku ya maisha yake na alikuwa hajavishika.

"Pole, Mama," alisema. Kisha akaiangalia Kokwa. "Pole na wewe."

Mama alitikisa kichwa. "Pole ni ya mpita njia. Mtu akijikwaa barabarani, wewe hukumkwaza, unamwambia pole. Aliyemkwaza mwenzake ana neno lake."

*

Kipindi alikifanyia uani, mchele ukiwa kwenye ungo, bila taa wala vipodozi. Watu walijaa wakidhani ni mtindo mpya. Walitaka kujua kuhusu toleo lijalo. Ni kweli litakuwa na vioo viwili? Ni kweli litasoma macho?

"Sijui," Tunu alisema. "Sijawahi kujua. Sina chanzo, na sikuwa nacho. Kioo cha kukunja nilikitunga nikiwa nafua leso. Betri ya kiganja niliitunga. Na hili la kusikia maumivu nililitunga pia, mkaniamini, likatengenezwa. Hicho mnachokibonyeza kinaumia mpaka sasa hivi. Hakilii kwa sababu nilikinyamazisha ili nisiaibike. Ninaikana tetesi yangu. Nilisema uongo."

Maoni yakaja. Mzushi. Mwongo mkubwa. Tulikuweka mbele kwenye harusi ya dada yetu. Mwingine aliandika tu jina la mama yake Tunu na tusi. Tunu aliyasoma yote. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Kihonda, kama kawaida ya ardhi, haikupasuka. Safari hii alichutama.

Aliichukua Kokwa, akaileta karibu na uso wake badala ya kuielekeza kwa kamera.

"Nisamehe," aliiambia.

Watazamaji waliondoka kwa makundi. Alipozima kamera hakuna aliyekuwa amebaki. Ujumbe mmoja uliingia, wa Devota: *Imepokelewa. Wamenifukuza. Asante.*

Bi Zena aliitwaa Kokwa, akaiweka sawa pajani, akasubiri. Alisukuma kete. Akaisogeza shavuni, akaisikiliza kwa ngozi. Akasukuma nyingine, kwa nguvu.

"Imepoa," alisema. "Hayumo tena." Alikaa nayo kidogo. "Alikuwa na adabu, yule."

Hakucheza. Alikikunja kioo chake, akaiweka juu ya mkeka, akaendelea kuitazama. Tunu aliketi chini karibu yake, amejiinamia, hana la kutangaza wala wa kumtangazia.

"Nilitaka kukusaidia, Mama," alisema. "Tangu ile siku ya sufuria. Wewe ndiye uliyesema kingekuwepo cha kusikia maumivu haya."

Bi Zena alimgeukia. Alimtazama kwa muda, kama anayepima kitambaa kama kinatosha.

"Sikusema kingekuwepo, Tunu. Nilisema angekuwepo."

Manyunyu yalianza tena, yakagonga ungo. Tunu akanyoosha mikono, akauchukua mkono wa kulia wa mama yake, taratibu, kama asiyejua namna, akaweka gumba lake juu ya kiungo kilichovimba.

"Ni hapa?"

"Hapo," mama alisema. "Usibonyeze."